Namba ya Bwana Uttley

Kadi ilikuwa bado imegandishwa kwenye barua yake.

Sajini Hilda Barraclough aliikuta ndani ya droo ya jikoni, chini ya kamba, mishumaa na betri zilizokwisha nguvu. Barua ilikuwa na umri wa miaka sita. Ushirika wa Skelbeck ulimwarifu mwanachama wake, Bwana Wilfred Uttley, kwamba mambo ya kutaja namba kaunta yamepitwa na wakati, kwamba kadi yake ndiyo hii, aibandue aiweke kwenye pochi. Bwana Uttley hakuibandua hata ncha. Gundi ilikuwa imekauka na kugeuka manjano.

Hilda aliipeleka dirishani, akaitazama mbele na nyuma, kisha akaitia kwenye bahasha ya vielelezo. Kwa siku mbili kituo kizima cha polisi kilikuwa kinamtafuta mtu aliyeiba kadi ya mzee. Hakuna aliyeiba kadi. Kadi haikuwahi kutoka kwenye droo.

"Darren," aliita bila kugeuka. "Ingia ndani, unalowa."

"Nimezoea kulowa. Mimi fundi wa mapaa."

"Ingia hivyo hivyo."

Darren Uttley alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake Bwana Uttley, mtu wa miaka arobaini na minne mwenye mabega ya kubeba ngazi. Alifuta viatu mara tatu pale mlangoni, halafu akasimama papo hapo, asithubutu kukanyaga sakafu. Kati ya meza na mlango wa nyuma mawe yalikuwa yamesuguliwa juzi, na bado yalinuka dawa.

Hapo ndipo Bwana Uttley alipokutwa. Mfuta madirisha, ambaye hupita Inkerman Terrace, mtaa wa nyumba zilizoungana kuta, kila baada ya wiki mbili, alipangusa kioo cha jikoni Jumamosi asubuhi akaona soksi. Mzee wa miaka themanini na moja, mfumaji sufu mstaafu, alikuwa ameteleza kwenye kidato cha mwisho cha ngazi, nyonga ikavunjika. Alijikokota mpaka mlangoni, lakini mkono haukufika kwenye kitasa. Nyumba ya kulia ilikuwa inauzwa tangu Pasaka. Ya kushoto hupangishwa watu wa mijini wanaokuja kutembea milimani wakati wa kiangazi, na sasa ilikuwa Novemba. Kwenye ukuta wa kushoto, usawa wa goti, plasta ilikuwa imemeguka kwa ncha ya mkongojo. Mzee alikuwa amewabishia watu wasiokuwepo.

Mfukoni mwa sweta yake kulikuwa na kisanduku cha dawa, kile cha plastiki chenye vyumba saba vya siku za wiki. Jumatatu tupu, Jumanne tupu, Jumatano tupu, Alhamisi tupu. Ijumaa kifuniko kilikuwa wazi na vidonge vimo. Daktari aliyeupasua mwili alikubaliana na kisanduku. Mzee alianguka Jumatatu usiku, tarehe mbili, na akafa Ijumaa, tarehe sita. Alikutwa tarehe kumi na nne.

Na hapo ndipo mambo yalipokataa kukaa sawa. Mpaka Ijumaa ya tarehe kumi na tatu, wiki nzima baada ya kufa, Bwana Uttley alikuwa bado ananunua vitu dukani.

"Una paka, Darren?"

"Ninao wawili. Ni kosa?"

"Na mtoto mchanga nyumbani."

"Wa binti yangu. Miezi mitano. Wamerudi kwangu, yeye na mama yake, mpaka mambo yakae sawa. Nani kakwambia habari za paka wangu?"

"Jumatano ya tarehe nne mtu alinunua nepi kwa namba ya baba yako mkubwa. Ijumaa, makopo sita ya chakula cha paka."

Darren alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole na kwa uso wote.

"Si mimi," alisema. "Mimi nanunua kule bondeni, kwenye duka kubwa. Ndiyo maana baba mkubwa alikuwa hanisemeshi."

"Mimi niliambiwa mligombana kwa sababu ya kuuza nyumba hii."

"Nani anataka nyumba hii? Paa lenyewe nimelikagua, sitaki hata bure. Tuligombana kwa mfuko wa plastiki. Nilimletea machungwa kwenye mfuko wa lile duka la bondeni. Akayarudisha mlangoni, na mfuko wake. Akaniambia mama yake alikuwa mwanachama wa Ushirika miaka hamsini, na mimi namletea machungwa ya mabepari."

"Mkagombana kwa hilo tu?"

"Afande, wewe mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa. Bobbin Street."

"Basi usiniulize."

Hilda hakumuuliza. Aliandika *mfuko* kwenye daftari lake.

"Mara ya mwisho kumwona?"

"Ndiyo hiyo ya machungwa. Agosti." Darren alitazama mawe yaliyosuguliwa. "Kutoka kwangu ni dakika kumi kwa gari. Agosti."

"Namba yake unaijua?"

"Tatu nane saba nne." Ilimtoka kabla swali halijatua. "Ilikuwa ya bibi, ikaja kwake. Nilikuwa natumwa mkate, naikariri njia nzima nisije nikachapwa. Siku ya kuzaliwa ya mama yangu naisahau, hiyo sijawahi." Kisha akaona alichokisema. "Nimejifunga mwenyewe, siyo?"

"Bado. Wewe una ufunguo?"

"Ninao."

"Hapo ndipo umejifunga kidogo."

Inspekta Kershaw, mkubwa wake Hilda, alikuwa ameshafunga hesabu tangu asubuhi. Mtu ana ufunguo, ana ugomvi, ana paka, ana nepi. Aliingia, akamkuta mzee sakafuni, akamwacha hapo, akaenda kununua vitu kwa namba yake ili watu wa Hodi wasije. Alitaka Darren awe ndani kabla ya saa kumi jioni.

"Hodi ndio siwaelewi," alisema Darren, kama aliyesikia wazo la mwenzake. "Si alijiandikisha? Walikuwa wapi?"

Swali hilo mji mzima ulikuwa unaliuliza. Ushirika wa Skelbeck hutenga sehemu ya mauzo yake kwa Mfuko wa Jirani, nao Mfuko husaidia miradi ya hapo hapo mjini. Kila mwanachama huchagua mradi mmoja, na kila anachonunua kwa namba yake kinaupa mradi wake senti kadhaa. Mwaka huo miradi ilikuwa mitatu: bendi ya matarumbeta, bustani ya kando ya mfereji, na Hodi. Hodi ni ya watu wanaoishi peke yao. Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Namba yako isipopita kaunta siku mbili mfululizo, asubuhi ya siku ya tatu mtu wa kanisani anakuja kukubishia mlango.

"Nilikwenda kanisani jana," alisema Hilda. "Wamenionyesha karatasi. Namba ilikuwa inapita. Kwa macho yao mzee alikuwa mzima, tena anakula vizuri kuliko zamani."

Kabla ya kufunga nyumba, Hilda alishusha msumari uliokuwa umening'inia kando ya jiko. Ulikuwa umechomekwa risiti, moja juu ya nyingine, kama majani kwenye kijiti. Alizifunua kwa ncha ya kalamu. Kiazi kimoja. Kesho yake, karoti mbili. Kesho yake, kitunguu. Kesho yake, mchemraba mmoja wa supu. Zote saa tatu kasoro asubuhi. Chini ya karibu kila moja palichapwa maneno yale yale: *Umehudumiwa na Brenda. Karibu tena.* Ya mwisho ilikuwa ya Jumatatu, tarehe mbili. Kiazi kimoja. Kiazi chenyewe kilikuwa bado kwenye bakuli, kimeanza kuota.

Darren alichungulia juu ya bega lake. "Siku nne kupata supu moja," alisema. "Sikujua alikuwa bahili hivyo."

"Hakuwa bahili," alisema Hilda. Aliurudisha msumari mahali pake. "Usitoke mjini, Darren. Na simu yako iwe wazi."

*

Meneja wa duka aliitwa Nigel Thwaite. Alikuwa kijana mwenye tai iliyokazwa sana, na ofisi yake ilikuwa chumba kidogo juu ya stoo ya matunda, kiasi kwamba kila karatasi aliyoishika ilinuka ndizi.

"Sajini, hizi ni siri za mwanachama," alisema, huku ameshaiweka orodha mezani.

"Mwanachama amekufa, Bwana Thwaite."

"Ndiyo. Ila siri zake, kwa kanuni zetu, bado zi hai."

"Basi mwambie azitetee."

Thwaite aliisukuma orodha. Hilda alivaa miwani, akachonga penseli kwa wembe mdogo aliokuwa nao, akaanza kusoma kutoka juu. Alisoma kama mtu anayepepeta mchele. Thwaite alivumilia dakika tano, kisha akaanza kupanga kalamu zake.

"Kaunta ni moja tu kwenye orodha hii," alisema Hilda. "Namba mbili."

"Iko mlangoni. Watu wote hupenda hiyo. Haikuambii kitu."

"Huenda." Penseli iliendelea kushuka. "Ulinichapia kuanzia tarehe mbili. Nichapie kuanzia Septemba."

"Lakini mzee alianguka tarehe mbili."

"Nichapie."

Mashine ilikoroma. Karatasi mpya zilitoka, na Hilda akazilaza kandokando. Septemba nzima, namba 3874 ilipita mara moja kwa siku, saa tatu kasoro, kitu kimoja. Oktoba ilianza vivyo hivyo. Halafu, kuanzia Jumatatu ya tarehe kumi na mbili, namba ilianza kuzaa. Kiazi saa tatu kasoro. Chupa ya divai saa tatu na robo. Nepi saa tano. Siku nyingine mara tatu, siku nyingine mara tano.

"Huyu mwizi," alisema Hilda, "alianza wiki tatu kabla mzee hajaanguka. Mzee mwenyewe yupo, anakuja kila siku kununua kiazi chake, na namba inatumika nyuma yake."

"Basi huyo mtoto wa mdogo wake alikuwa anamwibia hata akiwa hai."

"Anamwibia nini? Kila kinachopita hapa kimelipiwa taslimu. Mtu ametoa pesa yake, manunuzi yakaandikwa kwa mzee." Alivua miwani, akaifuta. "Tarehe kumi na mbili Oktoba kulikuwa na nini dukani?"

Thwaite alifunua kalenda ya ukutani. "Hakuna kitu. Mkutano wa wafanyakazi tu. Niliwasomea hali ya Mfuko."

"Ilikuwaje?"

"Bendi ya kwanza, bustani ya pili. Hodi ya mwisho, tena mbali. Wanachama wake ni wazee, hawanunui sana. Na mradi ulio nyuma kabisa unatolewa mwisho wa Novemba, kanuni ndivyo zinavyosema." Alikohoa. "Ila mwezi huu Hodi imepanda. Tulifurahi."

Hilda aligeuza karatasi. Alikuwa amefika kwenye safu ya saa. Alichora mstari chini ya saa mbili asubuhi, kisha mstari juu ya saa nane mchana. Hakuna kilichopita nje ya mistari hiyo. Alitia alama kila Jumapili na kila Alhamisi, na zote zilikuwa na kiazi kimoja au hazina kitu. Mwisho akashuka tena taratibu, siku hata siku, na kila siku penseli ilitua kwenye pengo lile lile. Saa nne na nusu hadi saa tano kasoro robo, namba 3874 haikuwahi kupita hata mara moja.

"Bwana Thwaite," alisema. "Umewahi kumsikia mwizi anayeacha kazi saa nne na nusu kila siku akanywe chai?"

Thwaite aliacha kalamu zake. Alitazama saa ya ukutani, na Hilda akaitazama pia. Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na tatu.

"Brenda," alisema meneja, kwa sauti ya chini. "Alhamisi hafanyi kazi. Sajini, huyo ana miaka thelathini na tatu hapa. Hajawahi kukosea hata senti."

"Chumba cha chai kiko wapi?"

Simu ya Hilda ilimkuta kwenye korido. Alikuwa Kershaw, anauliza kama Darren ameshatiwa ndani.

"Siye yeye," alisema Hilda.

"Ni nani basi?"

"Nitakupigia."

*

Brenda Crabtree alikuwa peke yake, amevua viatu, miguu juu ya kreti ya maziwa. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kidogo, mwenye nywele zilizopangwa kwa uangalifu na mikono iliyochakaa kwa sabuni na sarafu. Mbele yake palikuwa na pai ya nyama iliyoliwa nusu.

"Kaa, dada," alisema. "Chai ipo kwenye birika, na kama ni mchango wa mazishi ya Wilf nimeshatoa, ila nitaongeza."

"Si mchango."

"Basi chai tu." Alimmiminia bila kusubiri. "Wewe ni wa akina Barraclough wa Bobbin Street. Bibi yako alikuwa anakuja na kikapu chake mwenyewe, hataki mifuko yetu. Siku hizi sikuoni."

"Kazi nyingi."

"Wote mnasema hivyo. Mnakwenda bondeni." Alisema bila chuki, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Hilda alikunywa chai. Ilikuwa kali, ya rangi ya matofali. "Ulikuwa unamjua vizuri Bwana Uttley."

"Nani asiyemjua? Kila siku saa tatu kasoro. Namwambia, Wilf, nunua mfuko mzima wa viazi, ni nafuu. Ananijibu, nikinunua mfuko, kesho nije kufanya nini?" Brenda alitabasamu kwenye kikombe. "Na ile namba yake alikuwa anaitangaza. Tatu, nane, saba, nne, kama yuko gwarideni. Foleni nzima inasikia."

"Ukaanza kuitumia."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki kidogo, kama taa ya chumba ambacho mtu ameshatoka.

"Alinipa mwenyewe," alisema Brenda. "Sikuiba kitu. Nilimwambia Hodi ni ya mwisho, itatolewa. Akasema, wale wasio na kadi na wasio na namba, manunuzi yao yanakwenda wapi? Nikamwambia, hayaendi popote, yanapotea. Akasema basi yabandike kwangu. Mimi nilikuwa natumia kwa wapita njia tu, watu wa mahema, watu wa magari. Kesho yake namsomea. Leo umenunua nepi, Wilf. Leo umenunua divai ya Kifaransa. Anacheka mpaka anashika kaunta. Anasema majirani watasemaje." Alisukuma pai pembeni. "Najua ni kinyume cha kanuni. Mwambie Thwaite anifukuze, sawa. Lakini Hodi ina wazee arobaini na watatu, dada. Bendi ina matarumbeta."

"Ulimwona mara ya mwisho lini?"

"Jumatatu ile. Tarehe mbili."

"Halafu hakuja tena. Siku kumi na moja. Hukushangaa?"

"Nilishangaa. Jumatano nilikuwa natazama mlango tu." Brenda alisema haraka, kama mtu aliyekwisha kulijibu swali hilo kichwani mwake. "Nikasema baridi imemkamata kifua. Nikasema, kama kuna neno, Hodi watakwenda. Ndiyo kazi yao. Na Hodi hawakusema kitu, nikajua yuko salama. Mpaka Ijumaa hii, tena, watu wanasema alikuwa mzima mpaka Ijumaa hii, kwa sababu namba yake..."

Alitazama vidole vyake.

Mvua ilikuwa inapiga kwenye bati la stoo. Chini, mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wenye gurudumu bovu. Hilda hakumsaidia na hakumharakisha. Katika miaka thelathini ya kazi alikuwa amejifunza kwamba kuna mlango ambao mtu lazima aufungue mwenyewe.

"Alianguka lini?" aliuliza Brenda.

"Jumatatu usiku. Ile ile."

Brenda alinyoosha mkono wa kushoto juu ya meza, akaanza kukunja vidole kwa mkono wa kulia. "Jumanne nilibonyeza. Yule mama wa mbwa wawili. Jumatano nilibonyeza, nepi. Nisingebonyeza..." Kidole cha tatu kilisimama. "Hodi wangekwenda Alhamisi asubuhi."

"Ndiyo."

"Na Alhamisi yeye alikuwa..." Hakumaliza. Alimtazama Hilda usoni. "Usinidanganye, dada. Mimi nimekaa kaunta miaka thelathini na tatu, namjua mtu anayenidanganya."

Hilda aliweka kikombe chini.

"Alhamisi alikunywa dawa zake," alisema. "Zote."

Brenda alikubali kwa kichwa. Alikubali tena, na tena, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Nilijua Hodi inavyofanya kazi," alisema. "Hiyo fomu yake niliijaza mimi, hakuwa na miwani. Namba isipopita siku mbili. Nimeiandika kwa mkono huu. Lakini nikiwa pale kaunta, nikiibonyeza, nilikuwa nafikiria ile bendi." Alikung'uta makombo ya pai kutoka kwenye sketi. "Mtanikamata?"

"Kwa kosa gani?"

"Ndilo ninalokuuliza wewe. Wewe ndiye polisi."

"Sijaliona kwenye kitabu."

"Kitabu chenu kifupi." Alivaa viatu, cha kulia kwanza, kisha cha kushoto, akafunga kamba kwa mafundo mawili. "Na ukiandika haya, yale manunuzi yote yanafutwa. Hodi inatolewa."

"Nitaandika yaliyotokea, Brenda. Kuna mtu atatiwa ndani saa kumi kwa sababu ana paka."

"Darren?" Brenda alishtuka kweli kweli kwa mara ya kwanza. "Yule mtoto wa machungwa? Andika basi. Andika leo." Alitazama saa. Ilikuwa saa tano kasoro robo. "Dakika zangu zimekwisha."

Alitoka kabla ya Hilda. Kikombe chake alikisuuza kwanza, akakigeuza juu ya kitambaa.

*

Hilda alimpigia Kershaw akiwa amesimama kati ya rafu za makopo. Alisema maneno machache, akasikiliza mengi, akakata. Kisha akampigia Darren na kumwambia yuko huru. Darren hakushukuru. Aliuliza tu kama ni kweli hakuna mtu aliyebisha mlango, siku zote zile. Hilda akamwambia ni kweli. Upande wa pili simu ikafungwa.

Alichukua kopo moja la supu. Akasimama kwenye foleni ya kaunta namba mbili, nyuma ya mwanamume mwenye kabichi. Huku chini duka lilikuwa kama kawaida yake, joto, na mwanga mweupe. Juu ya mlango palikuwa na bango la Mfuko wa Jirani lenye picha tatu: tarumbeta, ua la waridi, na ngumi inayobisha mlango.

"Una kadi?" aliuliza Brenda. Sauti yake ilikuwa ile ile ambayo wateja wa Skelbeck waliisikia kila siku.

"Sina."

Vidole vya Brenda vilikwenda vyenyewe. Tatu. Nane. Hapo akaviona. Aliviinua juu ya vitufe, akavishika hewani, kisha akafuta nane, akafuta tatu, kimoja kimoja, kama mtu anayefunga vifungo vya shati la mtu mwingine.

"Namba, basi," alisema. "Kama unaikumbuka."

Hilda alikuwa hajaitaja kwa miaka kumi na tisa, tangu bibi yake amwachie nyumba ya Bobbin Street na vyote vilivyomo. Alifungua kinywa bila kujua kama ipo, na ikatoka yote. "Mbili, moja, sita, tano."

Mashine ilifikiri.

"Ipo," alisema Brenda. "Mradi?"

"Hodi."

"Kuchangia tu, au na kubishiwa?" Hakuinua macho. "Kubishiwa ni kwa wanaokaa peke yao."

Nyuma ya Hilda foleni ilikuwa imefika watu wanne, na wote walikuwa wanasikia. Alitazama kopo lake la supu kwenye ukanda. Lilikuwa la mtu mmoja, limeandikwa hivyo pembeni.

"Na kubishiwa," alisema.

Brenda alitoa fomu chini ya kaunta, akaiweka juu ya risiti. Alishika ncha yake sekunde moja zaidi kabla ya kuiachia.

"Kesho uje, basi," alisema. "Au usije. Lakini mimi sitabonyeza kitu."

Kisha akamgeukia mama aliyefuata, aliyekuwa na mfuko wa nepi, akamuuliza kama ana kadi. Mama akasema hana. Brenda akazipitisha nepi bila namba, na mashine ikalia mara moja tu.